“Wewe nifungie tu”: mteja anapokuja na spea zake

Mteja anashuka garini na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko kuna boksi la beringi ya gurudumu la mbele, aliyoinunua mwenyewe baada ya kulinganisha bei kwenye simu usiku kucha. “Fundi, spea ninayo. Wewe nifungie tu.” Hilo neno “tu” ndilo linalomchoma mwenye gereji. Limebeba dai kwamba kazi iliyobaki ni ndogo, kwa hiyo na malipo yake yawe madogo.

Mwenye gereji ya kujitegemea huwa na majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kukataa: hapa hatufungi spea za nje. La pili ni kukubali huku amenuna, kwa sababu lifti ya kuinulia magari iko tupu na siku ya kodi inakaribia. Nimeliona jambo hili nikiwa na spana mkononi, na baadaye nikiwa na daftari la mahesabu, na majibu yote mawili yana gharama zake. Nianze na upande wa fundi, maana ndio unaosikika kama ubishi mtupu mpaka uone gari lenyewe likiwa juu.

Tuirudie ile beringi. Kwenye magari mengi ya sasa, beringi ya gurudumu haina kazi moja ya kubeba uzito. Ubavu wake mmoja una pete yenye sumaku, na sensa (kihisi) ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki, huisoma pete hiyo ili kujua gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Kwa macho, mbavu hizo mbili zinakaribia kufanana. Ukiifunga kinyume, kelele itaisha, gari litatembea vizuri, na taa ya ABS itawaka kabla mteja hajafika mbali. Fundi anayeijua kazi yake hupitisha kikadi cha kuonyesha sumaku, au hata kibanio cha karatasi, aone upande upi unavuta. Sasa tuseme beringi aliyoleta mteja haivuti upande wowote, kwa sababu ni ya toleo la gari hilohilo lisilo na ABS. Fundi makini ataligundua hilo kabla hajaipeleka kwenye presi. Aliyekuwa na haraka ataligundua baadaye, na beringi ikishashindiliwa mahali pake haitoki salama. Kuitoa ni kuisukuma kwa kupitia pete ya ndani na magololi yake, na hapo imekwisha. Duka haliipokei tena.

Wakati huo beringi ya zamani nayo imeshang’olewa. Gari halina gurudumu, limekaa juu ya lifti, na lifti hiyo ilikuwa imeahidiwa gari jingine la saa nane mchana. Mteja anampigia muuzaji. Muuzaji anasema tuongee kesho. Kwa gereji yenye lifti mbili, nusu ya biashara imesimama, na hasara hiyo haina mstari wake kwenye risiti.

Kisha kuna suala la kazi kurudiwa. Spea ikifa mapema, muuzaji mzuri atakupa nyingine. Saa za fundi hakupi. Mfano mzuri ni mkanda wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni. Ili kuufikia unafungua mbele yote ya injini: mikanda ya nje, puli, makava, na mara nyingi mauntini (kishikizo) moja ya injini. Kwenye injini nyingi mkanda huohuo ndio unaoizungusha wota pampu. Mteja ameleta mkanda peke yake, kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye orodha yake, bila tensheni ya kuukaza na bila pampu. Miezi mitatu baadaye pampu inaanza kuvuja, maji yanaushukia mkanda mpya, na kazi inaanza upya tangu boliti ya kwanza. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Ikiwa ni injini ambayo valvu na pistoni zinapishana kwenye nafasi moja, mkanda ukiruka vinagongana na valvu zinapinda, na mtu pekee ambaye mteja atamkumbuka ni yule aliyeligusa gari mara ya mwisho.

Ukiishia hapo utatoka na hukumu nyepesi kwamba mteja ni bahili na mbishi. Mimi siikubali. Mteja hakuzaliwa na mfuko wa spea mkononi, amefundishwa kuubeba. Alifundishwa na fundi aliyemtajia bei ya plagi mara mbili ya bei ya dukani akampa karatasi isiyo na jina la duka. Akafundishwa na mwingine aliyetoza orijino akafunga feki, na wa tatu aliyedai kabadilisha filta kumbe kaipuliza upepo na kuirudisha. Cha juu kilikuwa siri ya mafundi na wauza spea kwa miaka mingi. Simu imeifichua, na wengi wetu bado tunaendesha biashara kana kwamba siri ipo.

Kuna kejeli nyingine ambayo wenye gereji hatupendi kuisikia. Gereji za kujitegemea zimepata nafasi zilizonazo leo kwa kudai kwamba mwenye gari ana haki ya kuchagua. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha mwaka 2012 sheria inayowataka watengenezaji magari kuzipa gereji huru taarifa zilezile za ukarabati wanazowapa mawakala wao. Afrika Kusini, mwongozo wa Tume ya Ushindani ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021 unamruhusu mwenye gari kulipeleka kwa fundi wa kujitegemea na kufunga spea zisizo za mtengenezaji hata waranti ikiwa haijaisha. Hoja ilikuwa moja: gari ni la mteja, mtengenezaji asimchagulie. Sasa mteja yuleyule anaingia na boksi alilolichagua mwenyewe, nasi tunamwambia kuwa hapa kuchagua ni kazi yetu. Ana haki ya kucheka.

Lakini mzozo wenyewe, kwa maoni yangu, hauhusu spea. Unahusu bei ya ufundi ambayo gereji iliogopa kuitaja. Chukua namba za mfano tu. Gereji inanunua spea kwa 100 na kuiuza kwa 140. Mwenye gereji atakwambia anapata asilimia 40. Sivyo, ametia juu asilimia 40, ila katika 140 anayoipokea, faida ni chini kidogo ya asilimia 29. Kazi yenyewe ni ya saa mbili. Ukijumlisha kodi, umeme, mishahara na vifaa, kila saa ya gereji hiyo inagharimu 60. Ila mteja akipiga simu huuliza kwanza “ufundi ni kiasi gani?”, na jirani anatoza 45, basi na yeye anatoza 45. Kwa saa mbili amepoteza 30 kwenye ufundi, akachukua 40 kwenye spea, akabaki na 10. Mteja akija na spea yake, ile 40 haipo. Gereji imefanya kazi saa mbili kwa hasara ya 30, na bado mteja anaona amemtendea fundi hisani kwa kumletea kazi.

Utaratibu huu wa kuuficha ufundi ndani ya spea ulifanya kazi kwa muda mrefu, na una utetezi wake. Ile 40 haikuwa wizi. Ilikuwa malipo ya kuitafuta spea sahihi kwa namba ya chasisi, zile tarakimu na herufi ambazo kwenye magari mengi ni 17, badala ya kubahatisha kwa jina na mwaka wa gari. Ilikuwa pia malipo ya kwenda kuichukua, kuirudisha ikikosewa, na kuifunga upya bure ikifa. Mwenye gereji anayesema “faida ya spea ndiyo bima yako” anasema kweli. Kosa lake ni kwamba hajawahi kulisema kabla ya siku mteja alipokuja na mfuko, na siku hiyo linasikika kama kisingizio.

Basi apandishe ufundi hadi 65 na kuiuza spea kwa faida ndogo? Kwenye karatasi ni sawa. Kwenye simu, ni yeye atakayekuwa ghali kuliko jirani, na mteja anayelinganisha bei hasubiri ufafanuzi. Anayeanza kufanya hivyo peke yake hupungukiwa na wateja kwanza, na gereji ndogo haina akiba ya kungoja watu waelewe. Sitaki kulifanya hili lionekane jepesi. Njia ninayoiona inavumilika ni kubandika ukutani bei mbili za kazi ileile: ufundi ukinunua spea kwetu, pamoja na waranti ya spea na ya kazi, na ufundi ukija na yako, ambao ni ghali zaidi na waranti yake ni ya kazi peke yake. Wapo wateja watakaoiita hiyo adhabu, kwamba mikono ni ileile na spana ni zilezile. Mikono ni ileile, kweli. Hatari ya lifti kukaa na gari lisilo na gurudumu hadi kesho siyo ileile, na yuko anayeilipia.

Kukataa kabisa nako kuna raha yake: hakuna mabishano kaunta. Gereji yenye foleni ya wiki mbili inaweza kujipa raha hiyo. Yenye lifti tupu ikikataa kufunga filta ya hewa, mteja ataifunga kwa mwingine, na akishazoea huko hatarudi hata kwa ile kazi kubwa.

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau ni kwamba anayeleta spea mara nyingi ameleta na ugonjwa alioupima mwenyewe. Kisomeo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, siku hizi kinanunulika na kinaongea na simu. Soketi yenyewe imekuwa lazima kwenye magari mapya ya Marekani tangu toleo la 1996. Mteja anasoma P0420, namba ya hitilafu iliyowekwa na kompyuta ya gari, anatafuta mtandaoni, anasoma kwamba wengi walibadilisha sensa ya oksijeni ya nyuma, ananunua sensa. Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta imelinganisha sensa ya kabla na ya baada ya katalisti, kile chombo cha kusafishia moshi, ikaona kazi ya usafishaji iko chini ya kiwango. Katalisti huenda imechoka kweli. Huenda pia ekzosi inavuta hewa kwenye gasketi iliyokatika, au injini inakula oili na kuichafua katalisti polepole. Fundi akifunga sensa na kuifuta namba hiyo, taa ya injini itazimika. Itakaa siku kadhaa, kisha itawaka, na simu itakayopigwa itakuwa ya lawama.

Kwa kazi kama hii nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kupokea funguo: “Bosi, unataka nifunge hii, au unataka taa izimike?” Hizo ni kazi mbili zenye bei mbili. Ya kwanza ni saa ya ufundi na imeisha. Ya pili inaanza na kupima, na kupima kunalipiwa hata kama mwishoni tatizo ni gasketi ya bei ndogo kuliko kipimo chenyewe. Wateja wengi huchagua ya kwanza. Sawa, ila iandikwe hivyo kwenye karatasi ya kazi, kwa maneno yao wenyewe: mteja ameomba sensa ibadilishwe.

Karatasi, hata hivyo, ina mipaka. Wapo wanaomsainisha mteja kwamba spea ni yake na lolote litakalotokea ni juu yake, kisha wanalala usingizi. Sheria ya haki za walaji ya Uingereza ya mwaka 2015, kwa mfano, haimruhusu mfanyabiashara kujivua kwa masharti ya mkataba wajibu wa kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Hata pasipokuwa na sheria ya namna hiyo, fundi aliyeona brekipedi zisizokaa vizuri kwenye kalipa, kile kibano cha breki, akazifunga kwa sababu karatasi imesainiwa, anajua alichokifanya. Ndiyo maana mimi ningeweka orodha fupi isiyojadiliwa: breki, usukani na mifuko ya hewa havifungwi kwa spea ambayo gereji haijaikagua na kuridhika nayo, hata kwa ufundi wa bei mara tatu. Filta, balbu, waipa na betri, karibu sana. Mwenye gereji anayegombana na mteja kwa balbu hana kazi.

Linalobaki kunisumbua ni injini ya mtumba. Mteja ameinunua mwenyewe, imekuja imefungwa plastiki, muuzaji kasema ilitoka kwenye gari zima. Kuifunga ni siku mbili au tatu. Kama haina kompresheni, yaani mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, kuitoa ni siku nyingine, na mteja ambaye hela zake zote zimeishia kwenye injini hatailipia hiyo ya pili, hata iandikwe wapi. Ninachofanya ni kumtoza kipimo kwanza, injini ikiwa bado chini: stata, betri, geji ya kompresheni kwenye kila silinda, na yeye mwenyewe amesimama pale akisoma namba pamoja nami. Wapo waliochukua injini yao na kuondoka kwa kukataa kulipia hilo. Mmoja alirudi baada ya wiki mbili, akiwa na injini nyingine, na akauliza geji iko wapi kabla hajaishusha.