Soli Haipakwi Kiwi

Nyuzi za tairi langu la nyuma zilianza kuchungulia mwezi wa pili, nikajifanya sizioni. Pikipiki yenyewe ni Boxer 150, na mwalimu mwenye miaka miwili kazini hujifunza mapema kuahirisha mambo. Mpaka asubuhi moja, nje ya ofisi ya walimu, mtoto wa darasa la tano akaniambia kwa adabu zote, mikono nyuma: "Mwalimu, tairi lako linaota nywele."

Ningeahirisha tena, isipokuwa Jumamosi ile mshenga wangu alikuwa apeleke barua ya posa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Mzee ana goti bovu, kwa hiyo tulikubaliana nimpakie kutoka Kihonda, nimshushe kwenye mwembe kabla ya nyumba, nigeuze kimya kimya. Mwoaji hatakiwi kuonekana siku ya barua. Ukweni walikuwa hawajanitia machoni hata kwa picha, na nilitaka iendelee hivyo mpaka niitwe.

Dukani niliingia nimejiandaa kama ninakwenda kusimamia mtihani wa taifa. Muuzaji akanitolea tairi, akavikwanyua vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani kwa ukucha: "Mpya kabisa, ona." Sikuona vinyweleo. Niliinama nikatafuta ubavuni zile tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT. 0916.

"Wiki ya 9, mwaka 2016," nikamwambia. "Hili limezaliwa sijamaliza kidato cha sita."

"Hiyo namba ya mzigo tu, mwalimu."

Nikampa somo zima. Mpira hukauka hata ukiwa umening'inia dukani, tairi likikaa miaka huwa gumu na haling'ang'anii barabara. Wateja wawili walisogea kusikiliza, nikaongeza sauti. Muuzaji akapanda ngazi bila kunijibu, akarudi na la 3122. Akajaribu kuniuzia ya kashata, yale yenye vidonge vikubwa vya mpira, eti Bigwa kuna tope. Nikakataa. Kashata ni nzuri shambani, lakini njia yangu karibu yote ni lami, na kwenye lami iliyolowa vile vidonge vinagusa eneo dogo tu. Nikachukua ya mifereji ya kawaida, 2.75-17 ya mbele na 3.00-17 ya nyuma, pamoja na tyubu mpya, nikatoka nimevimba kifua.

Kwa fundi pancha nikaendelea. Alishapaka sabuni ukingoni, ameshachokoa tairi likaingia kwenye ringi kwa vile vyuma vyake viwili, ameshajaza upepo, nami ndipo nikaona mshale wa ubavuni, ule unaoonyesha tairi lizunguke upande gani, unaelekea nyuma. Nikamwambia afungue. Akanitazama kama mpishi aliyeambiwa mbele ya wageni kwamba pilau halina chumvi. Akafungua. Akageuza. Alipomaliza akafuta mikono, akasema neno moja tu, nami neno hilo nililisikia kwa sikio la mtu anayejua kila kitu:

"Tairi jipya linateleza, ticha. Kilomita 150 za kwanza usililaze kwenye kona. Kama una barabara ya vumbi, lichune huko kwanza."

"Najua," nikasema. Na kweli nilikuwa najua! Ngozi ya juu ya tairi hutoka kwenye kalibu ikiwa laini, inataka kukwaruzwa kidogo ndipo ishike. Nilishawahi hata kumweleza mwalimu mwenzangu.

Ijumaa jioni nikapeleka pikipiki ioshwe. Kijana akaosha vizuri, kisha akatoa chupa ya yale majimaji meupe kama maziwa ya kung'arishia matairi.

"Nipake, mwalimu?"

"Paka kote."

Akapaka ubavuni. Matairi yakang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Nikatazama ile sehemu ya chini inayokanyaga barabara, nikaona imebaki na weusi wa kufifia, haifanani na mwenzake.

"Na hapo."

"Huku chini?"

"We ukipaka kiatu kiwi unaacha nusu?"

Kijana akakaa kimya na sponji mkononi. "Mwalimu, soli haipakwi kiwi."

"Paka."

Akapaka. Hela yangu, tairi langu.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Mzee alitoka na kanzu nyeupe, koti, kofia, na bahasha ameifunga kwenye leso. Barabara ya lami ilikuwa imenyooka, nami nilikwenda mwendo wa harusi. Hakikutokea kitu, nikazidi kujipongeza. Tulipofika kwenye mwembe, chini yake kulikuwa na dimbwi. Mzee akatazama dimbwi, akatazama kanzu.

"Sogea kidogo tu, mwanangu. Pale kwenye kona pakavu."

Kona ile ndiyo ya nyumba yenyewe. Uani, chini ya turubai, wazee wao walikuwa wameshakaa kwenye viti.

Nilikata kona nikiwa na kasi ya mtu anayeharakia chooni bila kutaka ijulikane. Nililaza pikipiki kidogo sana, kama unavyoegemea ukuta kusikiliza jirani wanagombana nini. Ghafla nikaona kitu cheusi kinachong'aa kinakuja ubavuni kwangu. Lilikuwa tairi langu la nyuma, linataka kunipita.

Anguko lenyewe halikuwa na kelele. Pikipiki ililala taratibu kwenye migomba, nami nikaifuata kama mtu anayemtandikia mgeni. Mzee hakuanguka. Ana miguu mirefu, na pikipiki ilipolala chini yake nyayo zake zilikuwa zimeshagusa ardhi. Alibaki amesimama katikati ya njia, miguu imetanuka, bahasha ameinyanyua juu ya kofia.

"Barua haijalowa!" akatangaza.

Ua zima likasimama. Nikiwa chini, usukani umeniwekea kidevu juu na mguu mmoja uko chini ya tangi, nilifanya jambo pekee nililofundishwa kufanya mbele ya wakubwa.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu mmoja wao, kifua kipana, fimbo mkononi. "Na huyu ni nani?"

Mzee hakusita hata kidogo. "Bodaboda tu. Nimemkodi Msamvu."

Yule wa fimbo ndiye alikuwa mjomba wa binti, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Alininyanyua kwa mkono mmoja, akanisimamisha, akanihutubia dakika kumi nzima juu ya vijana wa bodaboda wanavyomaliza watu. Akapitisha kidole kwenye tairi, akakinusa.

"Umepaka nini hapa?"

"Dawa ya kung'arisha, mjomba... mzee."

"Chini?"

Dirishani niliona pazia linatikisika, na nyuma yake mchumba wangu amejaza kanga mdomoni. Mjomba akachomoa 2,000 mfukoni, akanikabidhi mbele ya wote: nauli ya mzee wa watu, nisije nikamdai. Nikapokea kwa mikono miwili. Ningesemaje?

Nilirudi Kihonda nasukuma pikipiki kila penye kona. Jioni nikasugua matairi kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia mpaka vidole vikachubuka, na wiki nzima nikazunguka barabara za vumbi bila safari, wanafunzi wananipungia mikono. Siku hizi yanashika kama ulimbo.

Majibu ya barua yalikuja baada ya wiki mbili. Wamekubali. Mzee alinisomea orodha: mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, vyote vimepigwa chapa vizuri kwenye karatasi. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu mwingine:

"Nauli ya bodaboda 2,000, irudishwe."