Viroba viliondoka, nani alihesabu kilichopungua?

Tarehe 1 Machi 2017 pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alilitangaza katazo hilo Februari, na kilichotumika kulitekeleza ni sheria ya mazingira. Yaani kosa mbele ya sheria likawa kifuko cha plastiki, si kilichomo ndani. Wanaokumbuka siku zile wanajua hali ilivyokuwa: viroba vilining'inia dukani sambamba na sabuni na majani ya chai, mia tano au buku, vikaingia mfuko wa shati wa bodaboda na begi la mwanafunzi bila mtu kushtuka.

Niliunga mkono katazo lile na bado naliunga mkono. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kiroba cha mililita 100 chenye alkoholi asilimia 35. Ndani yake mna gramu 28 hivi za alkoholi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Kijana aliyefyonza kiroba kimoja kwa dakika mbili alikuwa ameshakunywa karibu bia moja na nusu, bila kukaa kwenye kiti, bila kulipa bei ya baa, bila mhudumu wa kumwambia kaka, leo inatosha. Akimaliza vitatu kabla ya saa nne asubuhi amebeba zaidi ya gramu 80, na pikipiki inamsubiri nje.

Uamuzi, basi, sina ugomvi nao. Ninachouliza ni matokeo. Vichwa vilivyopasuka vilipungua? Kina mama waliokuwa wakipigwa usiku walipata nafuu? Wiki zile taarifa za habari zilijaa katoni zilizokamatwa, maghala yaliyofungwa, wafanyabiashara waliolilia mitaji yao, na hofu ya kodi itakayopotea. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na namba. Majeruhi hawakuwemo kwenye hesabu. Na leo ukisimama mbele ya grosari nyingi za mitaani utaviona vichupa vidogo vya pombe kali vimepangwa mstari wa mbele, bei ya chini, vinaingia mfukoni vilevile. Kifuko kimeondoka. Wazo la kifuko limebaki.

Kuna usiku mmoja wa Jumamosi nilimpeleka kijana wa jirani yetu hospitali. Alikuwa ameanguka na pikipiki, nyusi imechanika, mkono umevimba. Chumba cha kufungia vidonda kilinuka pombe kuliko dawa, maana hakuwa peke yake. Kwenye benchi walikaa wengine wawili, mmoja ameshika taulo kichwani. Nesi, mama wa makamo, aliwashona mmoja mmoja kwa uvumilivu, kisha akafungua kitabu cha MTUHA, rejesta ya takwimu za wagonjwa, na kuandika: jina, umri, ajali ya barabarani, jeraha la uso.

"Mama, mbona pombe hujaandika?" nikamuuliza.

"Mwanangu, niandike wapi?" Akanigeuzia kitabu nione. "Halafu nikiandika, kesho ndugu zake wanakuja juu. Wanasema nimewaharibia PF3."

PF3 ni fomu ya polisi ya mtu aliyeumia. Jibu la nesi nitalirudia mbele, kwa sababu ndani yake mna nusu ya tatizo zima.

Duniani hesabu zipo. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya 2024 linakadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019, na kati yao 724,000 walikufa kwa majeraha: ajali, vipigo, kujiua. Haya ni makadirio, na namna yanavyopatikana inafaa kueleweka. Unachukua kiasi ambacho watu wa nchi wanakunywa, unakizidisha na hatari ambayo tafiti zimeionyesha kwa kila ugonjwa, kisha unapata sehemu ya vifo inayotokana na pombe. Mfano mzuri ni kifua kikuu. Mtu anayekunywa zaidi ya gramu 40 za alkoholi kwa siku ana hatari ya kuugua TB karibu mara tatu ya mwingine. Kwenye kitabu cha kliniki ataandikwa mgonjwa wa TB, na ni kweli anaumwa TB, lakini mkono wa pombe umo.

Hesabu hiyo yote imesimama juu ya jambo moja: ujue watu wanakunywa kiasi gani. Kwetu ndipo mguu unapoteleza. Pombe ya kiwandani ina stempu za kielektroniki za TRA, mamlaka ya mapato, tangu 2019, na anayetaka kujua chupa ngapi zimetoka kiwandani anaweza kujua. Kilimanjaro je, ambako kata, kibuyu cha kunywea, inazunguka na mbege, pombe ya ndizi? Mzee anaonja, anampa aliye kulia kwake, inapita kwa watu sita, inajazwa, inarudi. Muulize yeyote kati yao swali la dodoso, kwamba kwa kawaida unakunywa vinywaji vingapi kwa siku, atakutazama tu. Iringa kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, watoto wanaunywa. Ukikaa mpaka jioni umechacha na unamwangusha mtu mzima. Kikombe kilekile, mianzi ileile, kilichobadilika ni saa. Na gongo ukali wake anaujua aliyeipika, tena siku nyingine hata yeye haujui.

Ndiyo maana naithamini sana kazi iliyofanyika hospitali ya KCMC, Moshi. Watafiti hawakuanzia kwenye chupa, walianzia kwa majeruhi. Waliowasili idara ya dharura walipimwa pombe, na takriban asilimia 30 walikutwa nayo. Kutoka hapo wakaandaa mazungumzo mafupi yaitwayo Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambayo nesi anayafanya na majeruhi angali kitandani, bandeji bado mbichi, wakati mtu yuko tayari kusikia. Hakuna anayehubiriwa. Anaulizwa anaiona vipi pombe kwenye maisha yake, na yeye mwenyewe anapanga apunguze nini. Kipimo na tiba vinakutana kwenye kitanda kimoja, na sababu iliyomleta mtu hospitali haiachwi mlangoni.

Sasa tuje kwenye sera, ambako pande mbili zimekuwa zikivutana muda mrefu.

Upande wa kwanza unasema: pandisha bei. Mfano wao bora ni Scotland. Bunge lao lilipitisha sheria ya bei ya chini kabisa ya pombe mwaka 2012, chama cha wazalishaji wa wiski kikaipeleka mahakamani, na kesi ikaburuzwa mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoikataa Novemba 2017. Sheria ikaanza Mei 2018. Bei haikupangwa kwa chupa, ilipangwa kwa alkoholi iliyomo: kila kipimo kimoja, ambacho kwao ni gramu 8, kisiuzwe chini ya peni 50. Septemba 2024 ikapanda hadi peni 65. Tathmini ya taasisi yao ya afya ya umma iliyotoka 2023 ilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa na pombe moja kwa moja vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa.

Hayo maneno ya mwisho, kuliko ambavyo vingekuwa, ndiyo yaliyozua mabishano. Mwaka 2022 Scotland iliandikisha vifo 1,276 vya aina hiyo, vingi kuliko miaka kadhaa ya nyuma, na wapinzani wakasema: sera gani hii inayookoa watu huku makaburi yanaongezeka? Jibu la watafiti lilikuwa kwamba usilinganishe Scotland na jana yake tu, maana katikati ilipita korona. Ilinganishe na England ya jirani, isiyokuwa na sheria hiyo, ambako mambo yalikwenda vibaya zaidi. Naliona jibu hilo kuwa sahihi. Lakini tathmini hiyohiyo ilikiri jambo jingine linaloniuma: kwa watu ambao tayari ni watumwa wa pombe, faida haikuonekana wazi, na baadhi yao walipunguza chakula ili waendelee kunywa. Bei inamsaidia anayeelekea shimoni. Aliyekwisha kutumbukia anahitaji mtu wa kumpa mkono.

Upande wa pili unasema: mkipandisha bei mnawasukumia watu kwenye gongo. Mfano wao ni Kenya, na unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ni wa nyumbani. Mwaka 2004 bia ya Senator Keg iliingia sokoni na baadaye ikasamehewa ushuru, hoja ikiwa ni kumvuta mnywaji maskini atoke kwenye chang'aa, gongo ya huko. Mwaka 2013 serikali ikairudishia ushuru wa asilimia 50. Mauzo yakaporomoka. Mei 2014 makumi ya watu wakafa katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, wengine wakapofuka. Mwaka 2015 nafuu ya ushuru ikarudishwa. Ukiisikia hadithi hiyo kwa mpangilio huo, mkosaji ni kodi.

Panua kalenda kidogo. Novemba 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya sumu katika vitongoji vya Mukuru. Keg ilikuwa haijazaliwa. Mwaka 2005 msiba kama huo ukaikumba Machakos. Februari 2024, miaka mingi baada ya nafuu kurudi, watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga, na taarifa za wakati huo zilieleza kwamba pombe iliyowaua ilikuwa kielelezo kilichokamatwa na polisi, kikarudi mtaani. Methanoli haisubiri bajeti. Inaingia pale mtu anapotaka kuikoleza pombe kwa gharama ndogo, na hakuna anayemkagua. Mwilini inageuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, ndiyo maana wengi huanza kwa kusema mbona giza.

Hata hivyo sipendi kuifukuza hoja ya upande wa pili, kwa sababu ndani yake kuna ukweli ambao wanaopenda mfano wa Scotland wanaupita haraka. Kule karibu kila tone linapita kwenye mashine ya kaunta. Kwetu, duka la jumla likipandisha bei, nyumba ya tatu kutoka hapo kuna pipa la komoni lisilojua bei elekezi ni nini. Na anayepika pipa hilo mara nyingi ni mama anayelipa ada kwa fedha hiyohiyo. Kenya ilijaribu kumwingiza mtu wa namna hiyo kwenye sheria. Mwaka 2010 iliihalalisha chang'aa, kwa sharti la chupa zisizopungua mililita 250, leseni na viwango. Mpishi wa kijijini hakuwa na mtaji wa kuyafikia hayo. Uhalali ukabaki kwenye karatasi, yeye akabaki alipokuwa.

Nikipima yote mawili, kwa Tanzania nisingeanza na kodi ya jumla. Ningeanza na ukubwa wa kifungashio na bei kwa gramu, kwa pombe kali ya kiwandani peke yake. Kichupa kidogo cha bei ya chini ndicho kinachofanya kazi iliyokuwa ya kiroba, na sheria iliyolenga plastiki haina la kukifanya kikiwa cha kioo. Uganda, iliyopiga marufuku viroba mwaka 2019, iliweka kiwango cha chini cha mililita 200, na hilo ni jambo la kujifunza. Viwanda vitapinga, na sauti yao ina uzito kwa sababu ni miongoni mwa walipakodi wakubwa. Pombe za kienyeji ningezishughulikia kwa njia nyingine kabisa, ya afya ya chakula: maji safi, vyombo, kupima ukali, afisa afya anayefika kilabuni bila askari nyuma yake.

Ila lolote tutakalochagua, tukilianza bila kuhesabu majeruhi kabla na baada, miaka saba mbele tutakuwa tunabishana kwa hisia kama tunavyobishana kuhusu viroba. Kinachohitajika si mtambo wa mabilioni. Ni swali moja kwa kila anayefika ameumia: ndani ya saa sita kabla ya kuumia, ulikunywa pombe? Na vituo vichache vyenye kipima pumzi, kwa wiki chache kila mwaka, ili kuona majibu ya mdomo yanalingana na pumzi kiasi gani.

Hapo ndipo narudi kwa yule nesi. Hofu yake ni ya haki. Aliyeumia anahitaji PF3, na PF3 inaishia polisi na wakati mwingine mahakamani. Neno pombe likiandikwa kwenye faili lake linaweza kumgharimu fidia au kumgeuza mtuhumiwa. Akilijua hilo, atadanganya, na nesi atamsaidia kudanganya. Kwa hiyo jibu la swali lile lisikae kwenye faili la mgonjwa wala kwenye PF3. Likae kwenye karatasi ya tiki isiyo na jina: jinsia, rika, aina ya jeraha, saa, ndiyo au hapana. Mwisho wa mwezi karatasi inajumlishwa kama zinavyojumlishwa chanjo, inapanda wilayani bila jina la mtu yeyote. Usiku ule, kwenye lile benchi, ingekuwa tiki tatu.