Moto ukinyimwa hewa huota vidole

Juzi jioni hapa Busia, upande wa Uganda, kaa dogo liliruka kutoka kwenye sigiri likatua juu ya gazeti la jana. Halikuwasha moto. Gazeti lilifukuta tu: mstari mwembamba mwekundu ukitambaa polepole, nyuma yake majivu. Nikainama kuutazama. Ukingo haukuwa mnyoofu. Sehemu moja ilitangulia, ya jirani ikabaki nyuma, ikafifia, ikazimika.

Nafundisha fizikia, na naona tunawapunja watoto tunapowafundisha moto. Tunawaambia unahitaji kuni, joto na hewa, wananakili, kengele inalia. Swali tamu hatuliulizi: hewa ikipungua, moto unachukua umbo gani?

Mwaka 1998 Ory Zik, Zeev Olami na Elisha Moses, wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, walichapisha jaribio lao. Walichoma karatasi ya kuchujia chini ya kioo, nafasi ikiwa nyembamba kiasi kwamba hewa moto haina pa kupanda, huku oksijeni ikipulizwa kuukabili moto. Oksijeni ilipokuwa nyingi, ukingo ulisonga sawasawa. Walipoipunguza ulianza kujipinda, kisha ukachanika kuwa vidole vinavyoitafuna karatasi, kati yao kukibaki vipande visivyoguswa.

Sababu yake mtoto wa S2, yaani kidato cha pili, anaielewa. Sehemu iliyochomoza ndiyo inayokutana na oksijeni kwanza. Inaila, inazidi kusonga, na jirani yake anaambulia makombo. Joto hujaribu kuusawazisha ukingo kwa kusambaa kando, lakini oksijeni ikiwa haba linashindwa. Kilichoniteka mimi ni hiki: umbali kati ya vidole hutegemea mwendo wa oksijeni, ilhali unene wa kidole hutawaliwa na joto linalopotea. Karatasi ni moja, vipimo viwili, na kila kimoja kina bwana wake.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unadai miradi. Kwa nini tusubiri maabara? Fundi wa madirisha amenikatia vioo viwili, nitavitenganisha kwa sarafu, na hewa itatoka kwenye pampu ya baiskeli. Tutafanyia nje, uwanjani, maana moto unaofukuta hutoa kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na sigiri chumbani. S2 wataanza Jumatatu. Kila kundi litachora ukingo wake kwa penseli, pampu ikienda haraka, kisha ikienda taratibu.