Kibali cha maji Usangu hakifiki mkiani mwa mfereji

Desemba ikiingia, kila mkulima wa mpunga Mbarali, bondeni Usangu, anataka maji kwa wakati mmoja: ya kitalu, ya kulainisha udongo, ya kuvuruga majaruba. Anayepandikiza mapema huvuna mapema, akauza bei ikiwa bado juu. Wa mkiani mwa mfereji hungoja. Akiyapata Februari, mvua yaweza kukatika mpunga wake ukiwa bado unachanua. Na jaruba la mkiani, kwa kuwa kodi yake ni nafuu, mara nyingi ndilo analolimudu mama anayelima peke yake.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji ya mto awe na kibali na alipe ada. Huku kwetu mwenye mamlaka ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Wapo wanaosema kibali ni mzigo tu kwa maskini. Sikubaliani nao. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na chini zaidi mitambo ya Mtera na Kidatu inayangoja maji hayohayo izalishe umeme. Mto usio na utaratibu huwa wa mwenye banio la juu, yaani lango la kuingizia maji mferejini.

Ila utaratibu wenyewe una kasoro kubwa. Kibali hutaja kiasi cha maji, na kiasi ambacho Machi ni sehemu ndogo ya mto, Oktoba chaweza kuwa mto mzima. Aliyelipia anaona ni haki yake kukichukua chote. Ada iliyowekwa ili watu wabane matumizi inakuwa sababu ya kutofunga banio!

Kibali cha kikundi kupitia jumuiya ya watumia maji kinapunguza gharama na safari za ofisini, nami nakiunga mkono. Tatizo ni kwamba kinaishia banioni. Kuanzia hapo zamu za maji hupangwa na wanachama, na daftari likiwa na jina la mwenye shamba au la mume, aliyekodi shamba, akazibua matope na kutoa mchango, hana sauti. Akipewa zamu ya usiku, inabidi akeshe mferejini na mtoto mgongoni, maana akisinzia, wa juu atayageuza maji.

Viongozi wa jumuiya nao wana hoja: wanaokodi mashamba hubadilika kila msimu, nani atadaiwa ada? Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ina jibu. Daftari liandikwe upya kila mwaka siku ya kusafisha mfereji, kwa sababu siku hiyo kila anayelima yupo pale na jembe lake. Lipo pia wazo la kuanzia zamu mkiani, nalo nalisitasitia: mfereji wa udongo uliokauka hunywa maji mengi kabla hayajafika. Zamu ya mchana kwa anayelima peke yake, hata hivyo, haipotezi tone.