Jiko la gereza lipate bwana afya wa nje

Mama lishe akiuza wali uliochacha, kesho yake wateja wanahamia banda la jirani. Mfungwa hana banda la jirani. Kilichofika kwenye sahani ndicho hicho, ale au alale njaa. Kwa sababu hiyo tu, naona jiko la gereza lingestahili kukaguliwa kwa ukali kuliko hoteli yoyote ya mjini.

Tukisema usafi wa jikoni, akili inakimbilia sakafu na nzi. Kusugua si tatizo, watu wa kusugua wapo. Mimi naogopa saa. Maharage ya mamia ya watu yanapikwa mapema kwenye masufuria makubwa, maana chakula cha jioni huliwa alasiri, kabla watu hawajahesabiwa na kufungiwa. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini mbegu za bakteria aitwaye Clostridium perfringens huhimili mchemko. Sufuria kubwa likiepuliwa na kuachwa, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na humo mbegu zinaamka na kuzaana. Harufu inaweza kuwa ile ile, rangi ile ile. Usiku selo nzima inashika matumbo, na mlango haufunguliwi hadi asubuhi.

Marekani, kwenye majokofu na vipimajoto, watafiti walipitia milipuko ya magonjwa ya chakula ya mwaka 1998 hadi 2014 wakakuta wafungwa wanaugua kwa chakula mara 6.4 zaidi ya watu wa uraiani. Bakteria huyo ndiye aliyebainika mara nyingi zaidi.

Kuna na unga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, haitoki kwa kupika. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Anayekula dona kila siku ya kifungo chake anategemea kabisa jinsi mahindi yalivyokaushwa na kutunzwa ghalani.

Halafu mpishi mwenyewe. Kazi ya jikoni gerezani ni ya kugombewa: kuna joto, na kuna ukoko. Anayeharisha atanyamaza asije akaipoteza. Basi ahakikishiwe kwamba akisema anaumwa atapumzishwa, na akipona nafasi yake ipo.

Najua watakaouliza kama wahalifu sasa wanataka hoteli. Mahabusu hata hukumu hajasomewa, na hakuna hakimu anayetoa adhabu ya kuharisha.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kwenye kanuni ya 35 zinataka daktari au mamlaka ya afya ikague chakula cha wafungwa mara kwa mara na kumshauri mkuu wa gereza. Mimi ningeongeza: mkaguzi atoke halmashauri, aje bila taarifa, saa ile ile ya kugawa chakula. Aje na kipimajoto, akizamishe katikati ya sufuria, na nakala ya ripoti isiishie mezani kwa mkuu wa gereza.