Ukili wa Mama Una Bei

Kwa miaka mitatu nilimlipa kila mtu katika biashara yetu isipokuwa mama yangu.

Tunatengeneza vikapu vya ukindu, mimi na yeye, hapa Tanga. Yeye anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa kikapu. Mimi nashona, natia mikono ya ngozi, natafuta wateja na kupokea pesa. Anayetukatia ukindu mabondeni tulimlipa hapohapo, mzigo ukishatuliwa. Fundi wa ngozi alichukua chake kila Jumamosi, na bodaboda hangoji hata dakika tano. Mama alipata kitenge sikukuu ikifika na dawa akiumwa, nami nikaona nimetimiza wajibu wa mtoto.

Kilichonizindua ni jioni moja uani, nikiwa nashona. Alisimama pembeni kidogo, kama mgeni, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, naomba elfu kumi. Kesho kikoba." Ndicho kikundi chao cha kuweka akiba. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau hadi kwenye kucha kwa rangi ya oda tuliyokuwa tunaimalizia. Mwanamke aliyesuka kila kikapu kilichokuwa kimepangwa ukutani alikuwa ananiomba pesa yake mwenyewe, na alikuwa anaiomba kwa haya.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kikapu chetu cha sokoni, cha ukubwa wa kati, kinakula karibu pima nne za ukili, pima moja ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nikaanza kuhesabu saa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya: kuchana ukindu, kuuchemsha kwenye rangi, kuuanika, kusuka, kushona. Kwetu zinafika kama saa 20 kwa kikapu kimoja, na nyingi kati ya hizo ni za mama. Tulikuwa tunakiuza shilingi 15,000. Ukindu 3,000, rangi 500, ngozi 2,500, usafiri 1,000. Kinachobaki ni 8,000. Gawa kwa saa 20: shilingi 400 kwa saa. Maandazi mawili. Na hata hizo 400 hazikuwa zikimfikia.

Naamini biashara nyingi za kazi za mikono za kifamilia zinasimama hivyo. Zinaonekana zina faida kwa sababu ndani ya nyumba kuna mtu ambaye saa zake hazihesabiwi. Mara nyingi ni mama. Pengine ni mke, au bibi, au mdogo wa mwisho aliyemaliza shule ambaye watu wanasema "yupo yupo tu nyumbani". Mteja akituambia bei zetu ni nzuri, tunashukuru, kumbe tumemuuzia jasho la mtu tusiyemlipa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo. Ila jina la mama halikuwamo.

Na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Watu wanaoona kikapu kimetundikwa dukani hudhani kusuka ni kupitisha muda. Mama anaanza kwa kuchagua majani machanga, yale ya katikati ya mkindu ambayo hayajafunguka, kwa sababu jani likishakomaa linavunjika vidoleni. Anayaanika mpaka weupe ukamilike, anarudi kuyagusa, anayageuza. Chane zake zinalingana upana kana kwamba amezipima kwa rula, na hana rula, ana kucha ya kidole gumba. Mimi nimesuka kando yake tangu utotoni na bado ananirudishia ukili wangu. Anaukunja, anaunusa hata, halafu: "Huu umelegea. Fumua." Nilikuwa nakasirika, hasa oda ikiwa imechelewa. Siku hizi nafumua. Ukili uliolegea unakubali kushonwa na kikapu kinapendeza, lakini kikibebeshwa viazi na nazi wiki mbili tu kinaanza kwenda upande, na mteja huyo harudi. Katika ufundi mama ndiye mkubwa wa kazi, na sitaki mtu mwingine yeyote awe na neno la mwisho juu ya ukili wetu.

Shida ilianza kuonekana biashara ilipokua. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania, watu waliokuwa wameviacha vikapu wakaanza kuviuliza tena. Baadaye ikaja oda ya duka moja la Dar es Salaam, vikapu 60 kwa mpigo. Nilikubali bila kumuuliza mama. Alisuka mpaka usiku wa manane, taa ya simu ikiwa imeegemezwa kwenye sufuria, na majirani wawili wakatusaidia pima 80. Majirani niliwalipa siku ileile. Mama nilimwambia, "Mungu akujalie afya, mama."

Nilipowaeleza ndugu zangu kwamba sasa nitamlipa mama kwa pima, kaka yangu alisema ninamfanya mama kibarua. Ni hoja ninayoisikia mara kwa mara, na naielewa inakotoka: kwetu mtoto anamtunza mzazi, hamwajiri. Lakini kibarua jioni anakwenda na chake. Kutunza ni jambo la moyo wangu, naweza kutunza sana mwezi huu na mwezi ujao nikasahau. Ujira si hisani yangu. Mama akiwa na pesa yake, anachangia harusi kwa mkono wake, anamnunulia mjukuu daftari bila kupita kwangu, anakaa kwenye kikoba kama wenzake. Na nitaendelea kumnunulia kitenge.

Kuna jambo jingine ambalo familia hazipendi kulitaja. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, lilikuwa langu peke yangu. Kama ningefariki, au tukakosana, mama angetoka na mikono yake mitupu. Sheria inaruhusu jina la biashara kusajiliwa na watu wawili kwa ubia, na ndivyo tunavyofanya sasa. Sioni kama ni kutoaminiana. Nakumbuka misiba ambako matanga hayajaisha ndugu wameshaanza kuulizana cherehani ni ya nani.

Bei ilibidi ipande. Mama analipwa shilingi 4,000 kwa pima, yaani 16,000 kwa kikapu. Vifaa 6,000, usafiri 1,000, kushona 5,000 ambazo ni zangu. Jumla 28,000. Duka lile la Dar es Salaam halikutaka hata kujadiliana, na wateja wa mtaani nao wamepungua. Iliniuma. Kuna wiki mbili nilitamani kurudi kwenye 15,000, nikafungua daftari nikaangalia ni nani hasa angelipia ile tofauti, nikalifunga. Sasa tunatoa vikapu vichache kwa mwezi, mama analala mapema, na walionunua kwa bei mpya wanatuma dada zao na mawifi zao.

Malipo ni kila Alhamisi baada ya magharibi. Mara ya kwanza alizikataa. "Unanilipa kama jirani?" Nikaziweka juu ya mkeka, sikuzigusa tena. Kulipokuwa kunakaribia isha alizichukua, akazihesabu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akauliza bila kunitazama:

"Na zile za oda ya sitini?"

Tulizihesabu pamoja. Pima 240 jumla, toa 80 za majirani, zinabaki 160. Shilingi 640,000. Nimeandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, jina lake juu, deni chini yake. Mpaka Alhamisi iliyopita nilikuwa nimelipa 210,000. Zimebaki 430,000.