Kosa dogo mahakamani, bunduki hutaiona tena

Marekani, mtu akishtakiwa kumpiga mkewe, mara nyingi mwendesha mashtaka humpa njia ya mkato: kiri shambulio dogo, lipa faini, kaa chini ya uangalizi, leo ulale kwako. Wengi husaini papo hapo. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo ingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa: ukisaini, silaha basi.

Tangu 1968 sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inawanyima bunduki waliopatikana na hatia ya makosa yanayoweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka. Mwaka 1996 marekebisho ya Lautenberg yakaingiza pia makosa madogo ya ukatili wa nyumbani. Usitegemee jina la kosa. Katika kesi ya Hayes, 2009, Mahakama ya Juu ilisema si lazima kifungu cha sheria kitaje ndoa wala familia. Inatosha kuthibitika kuwa aliyepigwa alikuwa mke, au mtu mwingine wa karibu anayetajwa na sheria. Polisi naye hasalimiki, hata kwa bastola ya kazini.

Kushtakiwa tu ni habari nyingine. Ukiwa na hati rasmi ya mashtaka ya kosa kubwa, huruhusiwi kupokea silaha mpya, ila kubaki na ulizonazo sheria ya shirikisho haikukatazi. Masharti ya dhamana ndiyo huweza kukukataza. Amri ya zuio, ile ya mahakama inayokukataza kumsumbua au kumtishia mwenzi wako, hubana zaidi, kwani haingoji hatia: ukiarifiwa, ukapewa nafasi ya kusikilizwa, na jaji akaona wewe ni tishio kwa mwenzi wako, marufuku inaanza. Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji 8 dhidi ya 1 waliikubali sheria hiyo, na naona walifanya sawa.

Kinachoniudhi ni utekelezaji. Sheria ya shirikisho inakataza kumiliki, lakini haisemi nani aende kuitoa bunduki kabatini. Hilo limeachiwa majimbo, na kila jimbo lina lake. Mtuhumiwa naye hujidanganya: anamwandikisha kaka yake bastola, kisha anaiacha kwenye droo ya kitanda chake. Akiwa na uwezo wa kuifikia na kuitumia, anahesabika anayo. Risasi moja mfukoni nayo ni kosa. Adhabu, tangu 2022, hufika miaka 15. Kudanganya kwenye fomu 4473, ile anayojaza mnunuzi wa bunduki dukani, ni kesi ya peke yake.

Haki hurudi hukumu ikifutwa au mtu akisamehewa rasmi, mradi msamaha wenyewe usikataze silaha. Kwa wapenzi wasiooana wala kuishi pamoja, sheria ya 2022 inafungua mlango baada ya miaka 5, kwa hukumu moja tu. Mume hana mlango huo.

Kwa ndugu zetu wasio raia, bunduki ni sehemu ndogo ya hasara: hukumu ya ukatili wa nyumbani ni sababu ya kufukuzwa nchini. Tangu kesi ya Padilla, 2010, wakili wa jinai anawajibika kukueleza hatari hiyo kabla hujakiri. Akinyamaza, muulize, na kalamu iwe bado mezani.